Kuandika Habari za Mnyama Wako kwa Sauti Yako Mwenyewe

Ukitaka kuandika vizuri habari za paka au mbwa unayeishi naye, anza kwa kuacha kwa muda kusoma yale wengine wanayoandika kuhusu wa kwao. Ninajua kwamba kusoma ndiko kunakomlea mwandishi, na baadaye nitakutajia vitabu vya kurudia. Lakini makala nyingi za wanyama wa nyumbani zinazotufikia zimeandikwa kwa ajili ya nyumba za aina nyingine: mbwa analala kitandani, paka hakanyagi nje maisha yake yote, majira ya baridi yana koti lake, na chakula cha kopo kinauzwa kila mtaa. Anayezisoma kwa wingi huanza kuandika hivyohivyo akiwa Tandika au Kisauni. Utamkuta anashauri paka afungiwe ndani, ilhali paka wake mwenyewe anaingia na kutoka dirishani apendavyo, na nusu ya mlo wake anaupata kwa muuza samaki. Sarufi inaweza kuwa safi na picha zikapendeza, lakini aliyeandika hayumo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayefuga paka, mbwa, sungura, njiwa au hata kuku mmoja ambaye nyumba nzima imekubaliana hachinjwi, na unatamani kuwasimulia wenzako habari zake bila kuiga. Msimamo wangu ni mmoja: sauti hutokana na ulichokiona kwa macho yako ukakubali kukisema kama kilivyo. Mapambo ya lugha yatakuja yenyewe.

Daftari kabla ya makala

Tenga daftari dogo, uliweke jikoni au karibu na mlango, mahali mnyama anapopitapita. Kwa majuma kadhaa andika matendo tu, bila sifa. Badala ya kusema paka wako ni mwerevu, andika kwamba anautambua mlio wa kisu kinachopara samaki, na kwamba mlio wa kisu kinachokata vitunguu haumwamshi. Badala ya kusema mbwa wako anakupenda, andika kwamba husimamisha masikio pikipiki yako ikiwa bado kona ya msikiti, na bodaboda nyingine zikipita hata kichwa hainui. Kila mtu ana paka mwerevu. Paka asiyeamshwa na vitunguu ni wako.

Andika pia yale usiyoyaelewa. Anayefuga sungura kwa mara ya kwanza hushtuka akimwona anakula kinyesi chake, kile laini kinachotoka mara nyingi usiku. Ndivyo mwili wake ulivyo: chakula hupita tumboni mara mbili ili sungura apate virutubisho ambavyo safari ya kwanza haikuvitoa. Ukikimbilia maelezo hayo moja kwa moja utaandika kama kitabu cha darasani. Anza na mshtuko wako, kisha tafuta sababu, na msomaji atakwenda na wewe hatua kwa hatua. Njiwa nao wana lao: dume na jike, wote wawili, hutengeneza aina ya maziwa mazito katika kifuko cha chakula kilicho shingoni, wakawalisha makinda. Watu wamefuga njiwa juu ya mapaa ya nyumba zao miaka mingi bila kuliona hilo, kwa sababu hawakuwahi kukaa chini na kutazama kiota.

Wala usidhani mnyama wa kawaida hana habari. Katika eneo la msitu wa Arabuko Sokoke, kaunti ya Kilifi, kulikuwa na paka mwenye miguu mirefu na mabaka ya rangi ya gome la mti. Wagiriama walimjua na walikuwa na jina lake, kadzonzo. Mwaka 1978 mkazi mmoja wa huko, Jeni Slater, aliwatazama watoto wa paka aliowakuta shambani kwake, akaona hawafanani na paka aliowazoea, akawatunza. Baadhi ya kizazi chao walipelekwa Denmark miaka ya 1980, na mwaka 1993 shirikisho la wafugaji wa paka la Ulaya likawatambua kuwa aina ya peke yake iitwayo Sokoke. Mimi naamini habari hiyo ilistahili kuandikwa kwanza na mtoto wa Kilifi, aliyemwona kadzonzo akipita nyuma ya jiko la bibi yake kila siku.

Lamu nako kuna somo, ila ni la tahadhari. Wageni hupenda kuambiwa kwamba paka wembamba wa huko ni wa ukoo wa paka wa mafarao. Vipimo vya vinasaba vimewaweka karibu na paka wa Asia, jambo linaloeleweka ukikumbuka majahazi yaliyovuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Simulia hadithi ya mafarao ukitaka, maana ni tamu, lakini mwambie msomaji kwamba ni hadithi.

Waliotangulia

Daftari likishajaa, rudi vitabuni, na sasa usome ukitazama jinsi kila mwandishi alivyosimama mahali pake. Alf Wight alikuwa daktari wa mifugo katika mji mdogo wa Thirsk, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1970, naye amepita umri wa miaka 50, kwa jina la James Herriot ambalo dunia ikalizoea. Hakujaribu kuandika habari za wanyama wa dunia nzima. Aliandika mazizi yenye baridi, ng'ombe waliokataa kuzaa usiku wa manane, na wakulima wagumu kutoa pesa. Nguvu yake iko hapo, na wewe una wakulima wako.

Mwingine ni John Grogan, mwandishi wa safu ya gazeti huko Philadelphia, Marekani. Mwaka 2005 alitoa kitabu Marley & Me juu ya mbwa wake wa aina ya Labrador, mbwa aliyefukuzwa kwenye mafunzo ya utii na ambaye radi ikipiga alitafuna milango na kuta kwa hofu. Grogan hakumsafisha mbwa wake mbele ya wasomaji, na wasomaji wakamwamini. Mwandishi anayeficha kwamba mbwa wake alikula kitoweo cha wageni, au kwamba paka alinya kwenye viatu vya baba mkwe, anatupa sehemu bora ya makala yake.

Nampenda zaidi Al-Jahiz wa Basra, mtu wa karne ya 9. Katika Kitab al-Hayawan, kitabu chake kikubwa cha wanyama, aliweka mjadala mrefu kati ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, kila mmoja akitaja fadhila za wake na aibu za mwenzake. Humo mna mashairi, mapokezi ya dini, mizaha, uvumi alioutilia shaka, na mambo aliyoyachunguza mwenyewe. Anayekwambia kwamba habari za mbwa ni mambo ya Kizungu hajui kwamba ubishi huu ulikuwa umeshaandikwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kuna wanaopenda kumpa mnyama kinywa aseme mwenyewe. Kwetu si jambo geni, maana tumelelewa na ngano za sungura na fisi. Lakini chunga. Anna Sewell alipoandika Black Beauty mwaka 1877, farasi wake alisema kitu ambacho farasi anaweza kukijua: uchungu wa hatamu iliyomkaza kichwa kiwe juu kwa ajili ya urembo tu. Watu wakaanza kuiona hatamu hiyo kwa jicho jingine. Mnyama wako akizungumza, aseme harufu, njaa, hofu na saa ya kula. Akianza kuhutubia juu ya upendo wa kweli, hayo ni maneno yako umemwekea mdomoni, na ingekuwa heshima zaidi kuyasema wewe.

Jirani, dini na pesa

Hapa ndipo sauti za wengi huvunjika, kwa sababu ni rahisi kuandika kana kwamba jirani hayupo.

Yupo, na ana maoni. Atauliza kwa nini mbwa wako anakula nyama na watoto wa watu wanalala njaa. Usimkimbie na usimkejeli. Mjibu ndani ya makala kwa mambo yanayoonekana: mbwa anakula ugali uliochanganywa na dagaa au utumbo, gharama yake kwa mwezi ni kiasi hiki, na kazi anayoifanya usiku ni hii. Ukitaja bei halisi ya sokoni kwako, msomaji wa kipato kidogo atajua kwamba hata yeye anaweza kufuga vizuri, na msomaji mwenye nacho ataacha kudhani kwamba chakula cha mfuko ndicho pekee. Mwandishi anayeficha gharama humfanya mfugaji maskini ajione mkosaji. Hilo ni kosa kubwa katika aina hii ya uandishi, na nalichukia.

Halafu kuna dini. Waislamu wengi wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Ukiandika kwamba mbwa wako anakulamba usoni kila asubuhi, jua kwamba umemfungia mlango msomaji huyo, na uamue kama ndivyo ulivyotaka. Lakini usiandike pia kana kwamba dini imeamuru ukatili. Mapokezi ya dini hiyohiyo yanasimulia mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa, na mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda ana nafasi yake. Ukiwa Mwislamu unayefuga mbwa nje ya nyumba kwa ulinzi, ukamlisha, ukamtengenezea kivuli na kumpa maji safi, andika hivyo hasa. Wapo wengi wanaofuga namna hiyo kimya kimya, na hawajawahi kujisoma popote.

Ukiwa si Mwislamu na mbwa wako analala sebuleni, sema hivyo bila ubishi na bila kuomba radhi. Msomaji humheshimu anayejua alipo.

Jambo jingine dogo: usimwandike mbwa koko kwa dharau ili mbwa wako wa mbegu aonekane bora. Mbwa wetu wa mtaani ni hodari wa kusoma nyuso za watu. Mtazame anavyovuka barabara yenye magari, kisha uandike.

Mahali ambapo sauti yako inyamaze

Kuna eneo moja ambalo nakuomba usilete mtindo, mzaha wala uzoefu wako peke yako. Ni afya. Makala ya kuchekesha yenye ushauri mbaya wa dawa inaua, na mwandishi hataona maiti.

Kidonge kimoja cha paracetamol, hiki tunachokunywa kichwa kikiuma, kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin humtia paka mitetemeko na huweza kumuua, hata kama chupa ni ileile inayomfaa mbwa wa nyumba hiyohiyo. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, kwa hiyo mchuzi uliobaki jana si zawadi. Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila picha ya kitabu cha watoto humwekea paka, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Kisha unga wa mahindi ulioota ukungu, ambao watu huona si wa kutupa maadamu kuna mbwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho na kupika hakuimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mbwa naye humharibu ini vibaya sana. Kama unaandika kwa ajili ya wasomaji wanaolisha mbwa ugali, na wengi wetu ndivyo tunavyolisha, onyo hili lina faida kuliko ukurasa mzima wa kulinganisha vyakula vya mfuko.

Kichaa cha mbwa ndicho usichoruhusiwa kukikosea hata neno. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa jirani anayejulikana. Usichapishe dawa ya pilipili, mafuta ya taa wala majani uliyoambiwa na mzee, hata kama mzee unampenda. Mwambie msomaji kwamba ugonjwa huzuiwa kwa mbwa: eneo likichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake na kuendelea hivyo, virusi hukosa njia. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu, na lengo lililowekwa ni kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030. Siku hiyo ikikaribia, andika mahali chanjo inapotolewa kwenu na saa yake. Hiyo peke yake ni makala.

Kwa mengine yote ya ugonjwa, mtafute daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako, umuulize, uandike ulivyoelezwa na kwa mnyama wa umri na uzito gani. Usiandike vipimo vya dawa.

Zawadi na wanyama wa porini

Muuzaji akikupa gunia la chakula au shampuu ili uandike, sema katika mstari wa mwanzo kwamba umepewa. Na mbwa akikataa kukila, andika kwamba amekataa. Wakikunyima gunia la pili, hasara hiyo ni ndogo.

Kama mnyama wako ni kasuku wa kijivu au kobe, angalia sheria kabla ya kumsifu. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu 2017, na kufuga mnyama wa porini huhitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Makala tamu juu ya kasuku asiye na kibali huwafanya wasomaji wamtafute wa kwao, na kuna mtu atapanda mti kuwaibia ndege makinda.

Msomee anayemlisha

Makala ikikamilika, kuna msomaji mmoja anayepaswa kuisikia kabla ya wengine. Katika nyumba zetu nyingi mwenye mbwa siye anayekaa naye. Mlinzi ndiye anayekesha naye langoni penye kibao cha Mbwa Mkali, na ndiye anayejua kwamba mkali huyo huogopa baruti za mwaka mpya na hutaka kuguswa. Dada wa kazi ndiye anayejua paka ameacha kula tangu juzi. Watoto ndio wanaojua alikojificha kuzaa. Mwandishi anayeandika "mimi na mbwa wangu" akawafuta watu hao anasema uongo, hata kama kila sentensi ni ya kweli.

Kaa nao uwasomee kwa sauti. Waulize ni wapi mnyama huyo hafanani na wanayemjua. Watakurekebisha, na maneno watakayotumia kumweleza huwa mazuri kuliko ya kwako, kwa hiyo yaombe na uyatumie ukisema ni ya nani. Na wakiridhia, majina yao yaandike juu ya makala karibu na lako.